Majaruba Matatu ya Kornelio

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa moja asubuhi, karani Sefania alisimama juu ya tuta la mfereji mkuu wa Kwemhosi akaita majina ya wanachama. Majina yalikuwa sabini na mawili, yote ya wanaume. Waliosimama mbele yake na majembe, ukiwatazama vizuri, karibu nusu walikuwa wanawake.

"Kornelio Shemboza!"

"Yupo!" akaitika Rahabu, mkewe, huku akijifunga kanga kiunoni.

Kornelio hakuwepo. Alikuwa Kwamkoro, upande wa mashariki wa milima, akichuma chai ya watu, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili huko. Lakini jembe la nyumba yake lilikuwepo, na Sefania akaweka alama.

"Severin Mbilu!"

"Yupo!" akaitika Klara, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Alipo, anajua Mungu na polisi wa Mombasa." Wanawake wakacheka mpaka karani akakohoa.

Hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Mpunga kilipoanzishwa hapo bondeni, chini ya milima ya Mlalo, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, kila kitu kilifanywa mbiombio. Orodha ya watu ilitakiwa kufikia Ijumaa. Orodha pekee iliyokuwepo kijijini ilikuwa daftari la kodi ya kichwa, kwa hiyo Sefania akaketi nalo akanakili majina, ukurasa baada ya ukurasa. Wanawake hawakutozwa kodi ya kichwa, basi na kwenye mpunga hawakuingia. Severin aliandikwa mwanachama wakati ameshakwenda Mombasa, na barua ya kumpongeza ikaandikwa pia. Tangu hapo wanawake walilima, wakazibua mifereji, wakafukuza ndege, wakaitika kwa majina ya waume zao, na jioni wakapanda na mizigo yao kwenda kupika.

Jumanne hiyo ya mwezi wa tano, watu walipomaliza kazi, waliona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ghala. Rahabu hakuwa msomaji mzuri, lakini jina la mumewe alilijua lilivyo. Lilikuwa la kwanza. La pili, na la mwisho, lilikuwa la Severin.

"Kumekucha," alisema Klara.

Na hapo ndipo Rahabu alipokumbuka. Mwezi wa pili mkutano mkuu ulipitisha kanuni: mwanachama asiyefika kazini siku thelathini bila sababu, majaruba yake yatagawiwa wanaosubiri. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye magogo ya nyuma hawakupiga kura, lakini waliruhusiwa kusema, na aliyesema kwa nguvu zaidi alikuwa yeye Rahabu. Alikuwa akifikiria walevi wawili watatu wa mtaa wa juu ambao matuta yao yalivuja kila mwaka. "Asiyelima aondoke!" alisema, na wanaume wakampigia makofi. Ulimi hauna mfupa.

*

Sefania alimfuata Rahabu nyumbani jioni ile ile, kabla jua halijazama. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga wa makosa, aliyetembea na kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haina wino. Efrazia, binti wa miaka kumi na mitatu, alimwamkia na kumletea kigoda na maji.

"Mama Efrazia, aliyeshitaki ni Rajabu," alisema. "Amekwenda kwa Mzee Yohane mwenyekiti. Anasema yeye yuko kwenye orodha ya wanaosubiri mwaka wa tatu sasa, na mashamba yanakaliwa na watu wasiokuwepo."

"Rajabu ananiona kila siku. Jaruba langu na lile la Mzee Abrahamu analolima kibarua yamepakana. Mimi sipo?"

"Wewe upo. Kornelio ndiye hayupo." Sefania alikuna goti. "Na daftari langu linasema alikuwepo siku zote. Umeona nilipo? Nikisema hakuwepo, mimi ni mghushi. Nikisema alikuwepo, kijiji kizima kitanicheka."

"Sasa tufanyeje, ndugu karani?"

"Mwite. Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee Yohane amesema hatauliza alikuwa wapi. Amesema mtu anayelima shamba analijua, basi wataulizwa maswali ya shamba. Akijibu, neno limekwisha. Mzee hataki kumnyang'anya mtu mpunga ukiwa unaiva, nakuambia."

"Na Klara?"

Sefania aliinuka akashukuru kwa maji ambayo hakuyanywa.

Rahabu alibaki ametazama bonde. Mpunga wake ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Kwa mavuno ya majaruba yale matatu nyumba yake ilikula mwaka mzima, na Efrazia alikuwa darasa la tano kwa sababu yake. Mahindi ya shamba lao la mlimani hayakufika hata Krismasi. Asubuhi alimpa dereva wa lori la mbao lililokuwa likishuka kutoka Shume karatasi aliyoiandika Efrazia: *Baba njoo, shamba linachukuliwa.*

*

Kornelio alifika Jumatano ya wiki iliyofuata, amevaa koti la mvua la kampuni na mabuti, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai. Mwanawe mdogo, Timotheo, alimwambia shikamoo kwa adabu kubwa kama anavyoambiwa mchungaji akipita, kisha akajificha nyuma ya dada yake. Kornelio alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kesho yake alfajiri walishuka shambani. Kornelio aliongoza, kama mume anavyopaswa kuongoza, mpaka walipofika kwenye njia panda ya mfereji, akaenda kulia.

"Baba Efrazia," Rahabu alisema taratibu, "ni huku."

"Si kule kwenye mkuyu?"

"Walipima upya mwaka jana. Tulihamishwa."

Alirudi njia ile ile. Wakaanza masomo. Rahabu alimwonyesha banio lao, ubao wa kuzuia maji uliopigwa misumari minne, akamwambia zamu yao ya maji ni Alhamisi, tangu jua kuchomoza hadi saa sita, baada ya Mzee Abrahamu. Mbegu ni Afaa, waliyogawiwa ghalani. Jaruba la tatu lilipandikizwa siku tisa baada ya mengine, kwa sababu miche ya kwanza ilisombwa na maji.

"Na hapa?" Rahabu alimuuliza akionyesha kona ya chini aliyokwisha kumweleza.

"Hapa panavuja. Kaa wanatoboa tuta."

"Ukafanyaje?"

"Nikaziba kwa udongo."

"Udongo gani?"

"Udongo tu, Mama Efrazia. Udongo una majina?"

"Wa kichuguu. Ule wa mfereji haushiki, ukilala tu asubuhi umeyeyuka. Unauponda, unauchanganya na pumba, unashindilia kwa kisigino. Rudia."

Kornelio alirudia. Alirudia kama mtoto wa kipaimara mbele ya mwinjilisti, mikono nyuma, macho juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo aliwaona akauma kanga asicheke. Kornelio alijitia kuwa na haraka, akakanyaga ndani ya jaruba kuonyesha kwamba bado ni mkulima, na buti la kushoto likabaki kwenye tope. Walilivuta wote wawili. Lilipotoka kwa mlio, walicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Kisha alisimama na buti mkononi akatazama mpunga kutoka tuta hadi tuta.

"Yote haya umefanya peke yako?"

"Na Efrazia."

Kornelio alilifuta buti tope kwa kiganja. Rahabu alimpenda sana dakika ile, na dakika ile ile akamkasirikia, wala hakujua aanze na lipi. Akamwambia, "Haya. Zamu yetu ya maji ni lini?"

*

Mkutano ulikaa mbele ya ghala. Wanachama walikaa mbele kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, wanawake nyuma kwenye magogo, na wanaosubiri mashamba walisimama pembeni chini ya upenu. Rajabu alikuwa miongoni mwao. Alitokea Kondoa kuja kukata mkonge, soko la mkonge lilipolala akabaki na mke na watoto wanne bila hata upenyo wa kupanda kisamvu. Alilima kwa watu kwa pishi ya mpunga.

Mzee Yohane, mwenyekiti, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, alifungua kwa sala fupi.

"Ndugu Kornelio Shemboza. Simama. Zamu yako ya maji ni lini?"

"Alhamisi, ndugu mwenyekiti. Tangu jua kuchomoza hadi saa sita, baada ya Mzee Abrahamu."

"Mbegu?"

"Afaa, ya ghalani. Jaruba la tatu nilichelewa siku tisa. Miche yangu ya kwanza ilisombwa."

Watu wakatazamana. Walimjua alikokuwa, lakini kila mmoja alikuwa na ndugu au shemeji wa namna hiyo, na hakuna aliyependa kuona nyumba ya mwenzake inavunjika wiki tatu kabla ya mavuno.

"Shamba lako lina kasoro gani?"

"Kona ya chini, kaa wanatoboa." Kornelio sasa alikuwa amepata moto. Alishuka toka kwenye nafasi yake akaonyesha kwa mikono. "Udongo wa mfereji haushiki, ndugu zangu. Mimi nachukua wa kichuguu, nauponda, nauchanganya na pumba, nashindilia kwa kisigino. Hauvuji mpaka mavuno!"

"Aa! Hiyo akili," alisema mtu benchi la mbele, na makofi yakafuata.

Rahabu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwaka jana, pale pale, alisimama kueleza habari ya udongo wa kichuguu, na mtu yule yule wa benchi la mbele akamwambia, "Mama, ngoja kwanza wenye majaruba waseme." Alijaribu kufurahi. Shamba limepona, alijiambia, watoto watakula, wewe unataka nini tena? Lakini Mzee Yohane alikuwa akisema kwamba mkulima kama huyu angefaa kuingia kamati ya maji, na Kornelio alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyeanza kuamini.

"Amethibitika. Anayefuata. Severin Mbilu."

Watu wakageuza vichwa.

Klara aliinuka kwenye magogo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekauka. "Hayupo, ndugu mwenyekiti."

"Daftari linasemaje?"

"Alikuwepo siku zote," Sefania alisema, akitazama viatu vyake.

"Nani alikuwa akiitika?"

"Mimi."

Wanaume wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mzee Yohane hakucheka. Alisubiri, kama anayetumaini kwamba Severin atatokea nyuma ya ghala. "Mama, unaweza kumleta?"

"Ningekuwa naweza kumleta, mzee, ningekuwa nimemleta kwa ajili yangu kabla ya kumleta kwa ajili yenu."

"Basi kanuni ni kanuni. Siku thelathini. Majaruba mawili ya Severin yatakwenda kwa anayesubiri wa kwanza. Ndugu Rajabu, sogea."

Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Klara hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Rahabu, mara moja tu, kisha akaondoa macho haraka ili asimponze. Huko kuondoa macho ndiko kulikomuumiza Rahabu. Angemlaumu, angevumilia.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, akajikuta ameshasimama.

"Kaa, mama. Wa kwako ameshamaliza."

"Wa kwangu hajaanza, mzee wangu. Majibu yale nimemfundisha mimi. Alhamisi asubuhi na jioni, na jana kutwa. Alikuwa hajui hata shamba liko upande gani."

"Mama Efrazia!" Kornelio alisema.

"Nisamehe, Baba Efrazia. Mimi na Klara tumeitika pamoja, tumezibua mfereji pamoja. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na mtu wa kumwita. Kama Klara si mkulima wa Kwemhosi, basi na mimi si mkulima, na hawa wote wa kwenye magogo. Mpunga huu umelimwa na nani?"

Kelele zilizozuka hapo zilifanya kuku wa ghalani wakimbie. Mmoja alisema mwanamke huyu amekosa adabu, mwingine akasema amesema kweli, wa tatu akasema yote mawili. Mzee Yohane aligonga meza kwa fimbo mpaka akapata kimya, akamwambia karani asome ibara ya kwanza ya katiba.

Sefania alisoma. "Chama hiki ni cha watu wanaolima mpunga kwa mikono yao wenyewe, ili kaya za milimani na za bondeni zisilale na njaa."

"Imeandikwa wanaume?"

"Imeandikwa watu, mzee."

"Sasa majina tuliyatoa wapi?"

"Kwenye daftari la kodi."

Mzee Yohane alivua kofia akapangusa kipara. Alionekana amechoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Sefania lile daftari la kodi, miaka mitatu iliyopita, na wala hakufikiria mara mbili.

Rajabu aliomba kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza. "Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na mama hawa. Jembe la Mama Klara nimeliona. La Mama Efrazia nimeliona. Lakini mkibadili majina leo, mimi nitangoja mpaka lini? Nina watoto wanne. Na ibara inayosema anayeudanganya mkutano anaondolewa, hiyo mliipitisha kwa ajili ya nani? Au ni kwa ajili yetu sisi tusio na shamba?"

Alikuwa na haki, na wote walijua. Walibishana mpaka jua likawaka utosini, kisha wakapiga kura, wenye mabenchi peke yao. Majaruba ya Severin yaliandikwa jina la Klara, kwa mikono arobaini na miwili. Klara alikaa chini kwenye gogo akafunika uso kwa kanga.

"La pili," Mzee Yohane alisema, na hapo alitazama chini. "Nyumba ya Kornelio imesimama mbele ya mkutano na kusema uongo. Mama, wewe umeuvunja uongo huo, na Mungu akubariki, lakini wewe pia uliupika. Nikifumba macho kwako, kesho sina uso wa kumwambia mtu yeyote kitu. Mtavuna mpunga wenu wote. Baada ya mavuno majaruba matatu yatakwenda kwa ndugu Rajabu. Na jina lako, Rahabu, litaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Jina lako, si la mumeo."

"Ni la ngapi?" Rahabu aliuliza.

Sefania alihesabu kwa kalamu yenye wino. "La tisa."

*

Walipanda nyumbani. Mlangoni Kornelio alivua koti akalitupa kwenye kigoda.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Najua."

"Tulikuwa tumemaliza. Walishapiga makofi! Ungenyamaza tu, Mama Efrazia. Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na huo ndio mwaka wa tatu."

"Mwakani tutakula nini?"

Rahabu aliingia jikoni akapuliza moto, na moshi ukampa ruhusa ya kulia. Tuseme kweli: alijuta. Alimtazama Timotheo akichezea mabuti ya baba yake, akajuta zaidi, na kama mtu angekuja pale na kumwambia maneno yale yanaweza kurudishwa, labda angeyarudisha. Baadaye alimsikia Kornelio nje akimuuliza Efrazia, kwa sauti ya kunong'ona, mundu wa kuvunia unawekwa wapi.

Kornelio hakurudi Kwamkoro mpaka mpunga wote ulipokatwa. Alikata siku zote, kutoka tuta la juu hadi la chini, mgongo ukimuuma, na watu waliopita walimwita "mwana kamati ya maji". Siku ya kwanza hakuwajibu. Siku ya tatu alianza kuwajibu kwamba kamati inakata mpunga, wao wana kazi gani? Walipiga mpunga, wakapepeta, wakapandisha magunia nyumbani kwa kichwa, na Klara alikuja kusaidia kubeba bila kuitwa.

*

Asubuhi ya kukabidhi shamba, Rajabu alikuja na mkewe. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Dada Rahabu, sikukukusudia wewe."

"Ninajua, kaka. Karibu. Shamba ni zuri."

Kornelio alimchukua Rajabu kwenda kumwonyesha banio na mipaka, naye sasa aliijua yote bila kufundishwa. Mke wa Rajabu alibaki. Alikuwa kijana, mtoto mgongoni, na alikuwa ameshaanza kazi: aliinamia kona ya chini akipapasa tuta kwa vidole, akitafuta mashimo ya kaa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya zamani ya mkonge.

Rahabu alimtazama kwa muda. Alikuwa amekuja na uchungu wake wote, ameupanga vizuri, na sasa hakujua auweke wapi.

"Utalima wewe?" aliuliza.

"Mimi na watoto. Yeye amepata kazi ya msumeno Magamba, anaondoka Jumatatu."

"Daftarini wameandika jina la nani?"

Mwanamke yule alinyoosha mgongo, akashangaa swali. "La Rajabu. Liwe la nani?"

"Wewe unaitwa nani?"

"Mama Saidi."

"Si hilo. Lako."

Alisita, akamweka mtoto sawa mgongoni. "Mwantumu," alisema. "Mwantumu binti Hamisi."

Rahabu alilaza jembe lake juu ya tuta, kisha akamshika mkono, mkono ukiwa bado na tope.

"Twende ghalani, Mwantumu. Sefania hajafunga daftari."